Kashata na kaskazi: shajara ya ng'ombe mmoja, Utange

11 Agosti 2024

Naanza tena kufuga ng'ombe wa maziwa. Safari hii naandika kila kitu, maana mara ya kwanza sikuandika hata mstari na mpaka leo nikiulizwa ng'ombe alianza kuumwa siku gani sina jibu. Kwa wale wasiojua, mwezi wa pili nilileta Friesian kutoka bara, mweupe na mweusi, mkubwa, wa kupiga picha. Alishuka kwenye lori watoto wa mtaa wote wakaja kuangalia. Mimi kichwa kikavimba. Wiki ya tano alikuwa maiti.

Ilikuwa ndigana kali, ugonjwa unaoletwa na kupe. Daktari alipofika alimshika tu chini ya sikio na mbele ya bega, mitoki imevimba kama ndimu, puani povu jeupe linatoka, anavuta pumzi kama mtu anayepanda ngazi na mzigo. Akasema dawa ipo na inafanya kazi vizuri ukiwahi, mimi sikuwahi, nilidhani ni mafua ya usafiri. Ng'ombe yule hakuwa amechanjwa na huko alikotoka kupe wa aina hii hakuwa amezoeana nao, kwa hivyo kupe wa masikio kidogo tu wa hapa Utange walimtosha. Na hata bila ya kupe sijui kama angefika mbali, maana banda nililomjengea lilikuwa jiko. Mabati ya chini, kuta nimeziba pande zote eti naogopa wezi. Mwezi wa tatu, Mombasa, kaskazi, msimu wetu wa joto, imekaza, ng'ombe mwenye ngozi nyeusi ndani ya boksi la bati. Nikikumbuka naona haya.

Mzee jirani, yeye ni Mgiriama ana zebu zake sita wanaozurura huku nyuma, alikuja kunipa pole akasema, "Mwanangu, wewe ulinunua ng'ombe, hukununua kivuli." Nilimkasirikia kimoyomoyo, wiki nzima. Alafu nikaona alikuwa sawa.

25 Agosti

Banda la zamani nimelibomoa. Jipya halina ukuta, nguzo tu na fito, upepo unaingia huku unatokea kule. Mgongo wa paa umelala mashariki magharibi ili jua la asubuhi na la jioni lisiingie ndani kwa urefu. Paa ni makuti. Fundi aliniuliza mara mbili kama nina hakika, maana siku hizi ukisema makuti watu wanafikiri unajenga baa ya watalii. Nilipachika themometa mbili saa nane mchana, moja chini ya kipande cha bati kilichobaki na moja chini ya makuti: 35 na 31. Na hapo ni Agosti, kusi inavuma, bado hatujaonja kaskazi.

Shida ya makuti ni moja, huwezi kukinga maji ya mvua, yanatoka na rangi ya chai na vumbi. Kwa hivyo upande wa stoo na sehemu ya ndama nimeacha mabati na mfereji wa bati unashuka kwenye tangi la lita 5,000. Mama watoto anasema banda limekaa kama mtu aliyevaa kofia nusu. Sawa tu.

Sakafu ni zege lililokwaruzwa lisiteleze, lina mteremko mdogo kuelekea shimo la samadi. Mahali pa kulala nimeweka mchanga, maana ng'ombe analala nusu ya siku yake na akikosa pa kulala pazuri anasimama, na akisimama sana miguu inaharibika na maziwa yanapungua. Hili sikulijua mwanzo, nilidhani kulala ni uvivu.

14 Septemba

Amefika. Si kutoka bara, nimemtoa Kilifi kwa mfugaji aliyemzalisha mwenyewe, kwa hivyo joto la pwani amezaliwa nalo. Jersey aliyechanganywa na Sahiwal, mdogo wa umbo, rangi ya sukari guru, mimba ya miezi saba, uzao wa tatu. Sikioni ana hereni ya chanjo ya ndigana. Chanjo hiyo iliandaliwa hapa hapa Kenya, Muguga, miaka ya 70, wanampa ng'ombe vimelea vyenyewe walio hai na dawa ya kuwazuia siku hiyo hiyo, anaumwa kidogo tu alafu anapona na kinga anabaki nayo. Huyu mzee wa Kilifi alinionyesha na cheti.

Watoto wamempa jina Kashata, na kweli ukimtazama juani ni kashata mtupu.

Watu wameniuliza kwa nini Jersey na si yule mkubwa. Friesian anatoa maziwa mengi, sikatai, lakini anataka kula sana, anakunywa sana na joto linamuua. Jersey ana mwili mdogo, anavumilia joto vizuri zaidi, maziwa yake yana mafuta mengi, ukichemsha utandu unaopanda juu unaweza kuushika kwa kijiko. Na wateja wangu mimi ni watu wa chai. Mtu wa chai anataka uzito kwenye kikombe.

3 Oktoba

Chakula, kwa ufupi maana hapa ndipo kila mtu anajifanya profesa. Msingi ni majani ya nepia, nina robo eka nyuma ya nyumba na nakodi kipande kingine njia ya Mwakirunge. Nakata ikifika kiuno, ikizidi hapo inakuwa miti. Majani ya mti wa lusina nachanganya kidogo kwa ajili ya protini, kidogo tu, yakizidi yanadhuru. Pumba ya mahindi, dairimili (chakula cha dukani cha ng'ombe wa maziwa), chumvi ya jiwe ya kulamba. Na mashudu ya nazi, hiyo ndiyo zawadi yetu sisi wa pwani, ng'ombe anayapenda kupita kiasi, ila lazima uyanuse kwanza, yakishaanza kuchacha usithubutu.

Majani ya mhogo nayanyausha kutwa nzima kabla ya kumpa, mabichi yana sumu.

Nilijaribu pia mabaki ya sokoni Kongowea, kabeji na maganda ya ndizi, nikaacha. Siku ya pili nilitoa kipande cha nailoni na waya kwenye gunia moja. Mfuko wa nailoni serikali ilishaupiga marufuku tangu 2017 lakini nenda sokoni ukachambue taka uone. Ng'ombe hachambui, anameza, waya unakwenda kukaa karibu na moyo. Bei rahisi hiyo siitaki.

22 Novemba

Sijalala. Naandika sasa kabla sijasahau.

Jana saa kumi jioni mishipa ya pande mbili za mkia ikalegea kabisa, kiwele kimejaa mpaka kinang'aa, ute unaning'inia. Saa moja usiku chupa ikapasuka, kwato mbili za mbele na pua juu yake, vile inavyotakiwa, sikumvuta wala nini, saa mbili kasoro ndama yuko chini. Jike! Nilipiga kelele mpaka jirani akawasha taa. Kitovu nikakichovya kwenye iodini, na kabla ya saa tatu ameshakunywa lita mbili za dang'a, yale maziwa mazito ya kwanza. Majirani wawili walikuja na vibakuli wanataka dang'a ya kupika, nikawaambia leo ni ya mtoto, asiyeipata hii saa za mwanzo hana kinga, rudini kesho. Mmoja alinuna.

Zalio, yaani kondo la nyuma, likatoka saa sita usiku. Nikaenda kulala na furaha.

Saa kumi alfajiri naingia bandani, Kashata amelala kifua chini, shingo ameipinda na kichwa kimelalia ubavu wake, nikimwita hainuki. Nikagusa masikio. Baridi. Baridi kama chupa iliyotoka kwenye friji, na hapa ni Mombasa mtu wangu, hakuna kitu baridi saa hizo. Nikajua, maana nilikuwa nimesoma na sikuamini kama yatanikuta: kalsiamu imemuishia mwilini. Dang'a inabeba kalsiamu nyingi kwa mpigo, mwili wake haujapata muda wa kufidia, misuli inalegea, na ukichelewa hata moyo unalegea. Jersey ndio wanaoongoza kwa tatizo hili, hasa uzao wa tatu kwenda mbele. Yaani ile sifa iliyonifanya nimnunue ndiyo ilikuwa inaniua mimi saa hiyo.

Daktari alikuja kwa bodaboda, bado adhana ya alfajiri haijaisha. Chupa ya dawa akaitia kwanza kwenye ndoo ya maji ya uvuguvugu, alafu mshipa wa shingo, taratibu, taratibu mno, huku amebana kifaa cha kusikilizia moyo kwapani mwa ng'ombe. Mimi nashika chupa juu nataka kumwambia aharakishe. Akasema bila kuniangalia, "Ukiimwaga haraka moyo unasimama, tulia." Nikatulia. Ilipofika nusu Kashata akaanza kutetemeka mapaja, kisha akacheua, ule mlio mzito wa tumbo, akapiga mavi, na dakika kama arubaini baadaye akainuka mwenyewe kwa magoti ya mbele, akaenda moja kwa moja kwenye maji.

Mimi nilikaa juu ya ndoo. Miguu yangu ndiyo iliyokuwa haina kalsiamu.

Maagizo: siku tatu za mwanzo nisimkame mpaka mwisho, nibakishe. Na mwakani miezi miwili ya mwisho ya mimba niangalie chumvi ninazompa.

1 Desemba

Ndama ameitwa Haluwa, kwa sababu anateleza. Kumfundisha ndoo ilikuwa kazi ya siku mbili. Unatia vidole viwili mdomoni mwake, ananyonya, unashusha mkono polepole mpaka vidole vinazama kwenye maziwa, anakunywa bila kujua, unatoa vidole, anakumbuka kwamba hakuna chuchu, anapiga ndoo kichwa, maziwa yote kwako. Unaanza upya.

Ratiba yangu ilivyo sasa: adhana ya alfajiri ndiyo saa yangu, naamka, nasafisha banda, naosha kiwele kwa maji ya uvuguvugu na kukausha kwa kitambaa safi, mikamuo miwili mitatu ya kwanza naitia kwenye kikombe cheusi niangalie kama kuna mabonge, alafu nakama. Akishaguswa anashusha maziwa ndani ya dakika moja hivi, na una dakika chache tu za kummaliza, ukianza kupokea simu katikati anakufungia. Baada ya hapo kila chuchu nachovya dawa na nampa chakula ili asimame kidogo tundu lijifunge kabla hajalala. Saa kumi na mbili na nusu niko njiani na pikipiki, Mtopanga, Bombolulu, narudi. Saa kumi na moja jioni tena kutoka mwanzo. Siku ya Krismasi hivyo hivyo, siku ya Idi hivyo hivyo. Binamu yangu mmoja aliniambia "si umruke siku moja tu uje harusini", nikamuuliza yeye anaweza kuruka kukojoa siku moja.

Lita: 9 leo.

10 Januari 2025

Lita 11 na nusu. Hii ndiyo juu zaidi tumefika, wiki ya saba. Nauza lita sh 100, Haluwa anachukua zake, mamangu anachukua lita mbili za kibanda chake cha chai na mahamri na halipi, na mimi sithubutu kumkumbusha.

19 Januari

Kaskazi imefika kikweli. Leo saa tisa mchana nimekaa mbele yake na simu, nahesabu ubavu unavyopanda na kushuka kwa dakika moja: 78. Akiwa mzima kivulini huwa thelathini na kitu. Mdomo wazi kidogo, mate yanavuta uzi mpaka chini, hali kitu. Lita zimeshuka mpaka 8 na nusu ndani ya siku sita. Usiku nao hakuna nafuu, huo ndio ubaya wa pwani, bara usiku baridi ng'ombe anapoa, hapa jasho la mchana unalikuta lile lile alfajiri.

Nilichobadilisha. Kwanza chakula kizito nimekihamishia usiku, kuanzia saa mbili, maana kusaga chakula tumboni kunatoa joto, ni kama kuwasha jiko ndani ya mwili, usiliwashe saa nane mchana. Pili namwagia maji mgongoni saa sita, saa nane na saa kumi, si kumnyunyizia, namlowesha mpaka ngozi, alafu feni ya kusimama inampiga. Ule mvuke mwembamba wanaouonyesha kwenye video za nchi zenye hewa kavu hapa hausaidii, hewa yetu tayari imejaa maji, unamfanya awe kwenye sauna tu. Lazima maji yafike kwenye ngozi na upepo uyaondoe.

26 Januari

Lita 10. Pumzi 54 saa tisa. Tokeni za stima zimepanda lakini hesabu bado inalipa.

3 Februari

Maji ya mfereji hayajatoka siku tatu. Tangi la mvua lilishakauka tangu mwisho wa Disemba. Kisima changu ni cha chumvi, cha kuogeshea ng'ombe sawa, cha kunywa anaonja anaacha. Jana nilichelewa kupata mkokoteni na mitungi mitatu tu ndiyo iliyofika, lita 60, zikaisha mapema mchana.

Leo asubuhi na jioni jumla: lita 6.

Hapa ndipo nimeelewa kitu ambacho nilikuwa nakijua kwa kichwa tu. Maziwa zaidi ya asilimia 85 ni maji. Huyu ng'ombe kwenye joto hili anakunywa lita themanini, siku nyingine mia. Nilikuwa nahangaika na mashudu, na dairimili ya kampuni gani, mabishano yote yale ya wafugaji kwenye vikundi vya simu, na mtungi wa maji wa shilingi ishirini na kitu ndio unaoamua. Kuanzia leo kwenye daftari safu ya kwanza ni maji aliyokunywa, ya pili pumzi za saa tisa, lita za maziwa ni ya tatu. Nikiziona mbili za mwanzo ya tatu naweza kuikisia bila kukama.

Nimenunua tangi la pili kwa mkopo wa chama. Mama watoto ameuliza lile la kwanza lina kosa gani. Nimemwambia halina kosa, lina upweke.

6 Februari

Ametaka dume. Usiku alikuwa akilia, asubuhi ute mweupe mwembamba kama wa yai. Kwa kuwa nimemuona asubuhi mtu wa mbegu amekuja jioni na mtungi wake wa naitrojeni, ule unaofuka moshi baridi. Mbegu ni ya Jersey. Sasa nahesabu siku 21.

27 Februari

Siku ya 21 kamili, amerudi tena. Haikushika. Daktari hakushangaa, amesema kwenye joto kali mimba changa nyingi hazishiki, na wengine hata dalili hawaonyeshi, zinapita kimya usiku mtu amelala. Tumerudia jioni hii.

12 Machi

Ramadhani. Maziwa yanagombaniwa, watu wa tambi, watu wa uji, kila mtu anataka kabla ya magharibi, na ile ya jioni ndiyo ndogo. Nimeanza kugandisha kiasi, maziwa lala yanaondoka hata kabla sijafika kona.

Kisa cha leo. Kuna mgahawa mmoja, sitautaja, nawapelekea lita tatu. Kijana wao ameletewa laktomita mpya, kile kipimo cha kujua kama maziwa yametiwa maji, anajiona daktari. Nimefika saa kumi na moja na nusu, maziwa nimetoka kuyakama sasa hivi, akatumbukiza, kipimo kikazama, "Ami, umetia maji!" Mbele ya watu! Mwezi wa Ramadhani! Nilihisi damu inapanda lakini nikamwambia mwanangu, kipimo hiki kimetengenezwa kupima maziwa yaliyopoa, yakiwa na joto la ng'ombe ni mepesi, kinazama, na bado yana povu na hewa ndani, yaweke kwenye maji ya barafu nusu saa alafu upime. Akacheka. Tukasubiri, mimi nimefunga, nimesimama. Yakapoa, akapima tena, 29. Laktomita ikicheza kati ya 26 na 32 ni maziwa safi. Hakuomba msamaha, alisema tu "basi leta na kesho". Sijapeleka. Hasira za saumu, labda wiki ijayo.

20 Machi

Siku ya 21 imepita kimya. Sisemi kitu.

29 Aprili

Masika. Tope mpaka kwenye roho. Tangi zote mbili zimejaa zinamwagika na mimi nasimama mvuani nazitazama kama mtu anayeangalia pesa.

Lakini mvua nayo imeleta yake. Mchanga wa kulalia ulilowa, nikachelewa siku mbili kuubadilisha, leo alfajiri kwenye kikombe cheusi chuchu ya nyuma kushoto ikatoa mabonge, kama machicha ya nazi. Kiwele upande huo kina moto. Ugonjwa wa kiwele. Kosa ni langu, halina mjadala.

2 Mei

Sindano za chuchu siku tatu, leo ya mwisho, na kibandiko cha dawa kinasema subiri siku tatu zaidi kabla ya kuuza. Yaani siku sita, lita tisa kwa siku, zote kwenye shimo la samadi. Jamaa mmoja mfugaji ananiambia changanya na ya watu wa chai, wanachemsha, itajulikana wapi. Kuchemsha hakuondoi dawa, bwana. Na mteja wangu wa kwanza asubuhi ni mama wa mtoto wa miaka miwili, yule mtoto namjua jina. Nimemwaga. Iliniuma kila nilipoinua ndoo, siwadanganyi.

Na wateja wawili wameshahama.

31 Mei

Daktari ameingiza mkono mpaka begani, akatulia, uso umeangalia juu kama anayesikiliza redio ya mbali. Akasema ana mimba, miezi mitatu. Kutoka 27 Februari ukihesabu siku 283 unafika 7 Desemba. Nimeandika kwa kalamu nyekundu ukutani, yaani kwenye nguzo, maana ukuta sina.

Samadi nimeanza kuwauzia wanaolima mchicha huku chini, magunia ishirini na mbili mwezi huu. Ni pesa ndogo lakini imemaliza ugomvi wa nzi na jirani wa upande wa pili, maana mmoja wa wanaonunua ni shemeji yake.

24 Julai

Kusi. Pumzi 32 saa tisa mchana, anacheua amefumba macho. Hakuna cha kuandika, na ndiyo raha yenyewe. Haluwa ana miezi minane, ameshaachishwa zamani, anakula nepia na kuvunja vitu. Hereni yake ya chanjo imefika.

8 Oktoba

Leo jioni sikukama. Amebakisha miezi miwili, lazima apumzike, kiwele kijijenge upya. Wiki mbili zilizopita nilikata dairimili yote mpaka akashuka lita 4, asubuhi nimekama mara ya mwisho, nimetia kila chuchu dawa ya kufungia, basi.

Saa kumi na moja amekuja mwenyewe akasimama pale pa kukamia, anageuza shingo kunitafuta. Nilikaa tu. Alisimama kama dakika kumi, akakojoa, akarudi kwenye mchanga wake.

Kesho fundi anakuja kuongeza makuti upande wa magharibi kabla kaskazi haijaingia, na stoo nimeshaweka chupa mbili za kalsiamu. Mamangu amepita na chupa yake ya lita mbili kama kawaida, nikamwambia mama si nilikwambia leo ndiyo mwisho mpaka Disemba. Akaiangalia chupa, akanitazama mimi, akasema, "Basi nitawaambia wateja ni chai ya rangi, na kwamba ni wewe."